Barabara ya Malindi Haikuonyeshi Bahari Mpaka Uiache

Kwa Mhariri,

Makala yenu ya hivi majuzi kuhusu safari za gari za mwisho wa juma katika ukanda wa Pwani yamenifurahisha na kunikera kwa pamoja. Yamenifurahisha kwa sababu yamewahimiza wasomaji wa bara waje kwetu kwa magari yao na watembee polepole, badala ya kushushwa mlangoni mwa hoteli na kurudi walikotoka wakiwa wameona kidimbwi cha kuogelea na mwavuli. Yamenikera kwa sababu yamemwahidi msafiri wa Mombasa hadi Malindi kwamba bahari itakuwa ubavuni mwake njia nzima. Mimi niliendesha gari la mikate katika barabara hiyo kuanzia mwaka 1986 hadi nilipostaafu mwaka 2017, siku sita kwa juma, na ninaweza kuwahakikishia wasomaji wenu kwamba bahari hiyo ya njia nzima haipo. Kutoka kisiwani Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, na katika kilomita zote hizo dereva aliyekaza macho mbele huyaona vizuri maji ya chumvi mara tatu tu: anapovuka Daraja la Nyali, anapovuka la Mtwapa na anapovuka la Kilifi. Kwingineko ataona kuta, maduka ya mabati na saruji, makonge, mibuyu, minazi na msitu, kisha atafika Malindi akijiuliza bahari ilipita wapi.

Asiyeijua nchi hii hudhani kwamba barabara ya pwani lazima ipite kandokando ya maji, kama zile za kwenye picha ambako mlima umeteremka hadi baharini na njia imechongwa kiunoni mwake. Pwani yetu haikuumbwa hivyo. Ni uwanda wa mawe ya matumbawe ya kale, uliokatwa na mahori yanayoingia ndani ya nchi kavu na kuzungukwa na mikoko, na aliyetaka kupitisha barabara ilimbidi arudi nyuma kidogo na kutafuta pahali pembamba pa kuvukia. Kati ya barabara hiyo na maji vikakaa vijiji, mashamba ya makonge na ya minazi, na baadaye viwanja vya hoteli na nyumba za mapumziko, kila kimoja kikijinyosha hadi ufuoni. Barabara ya Malindi ni kama uti wa mgongo wa samaki changu: haina nyama yenyewe, na anayetaka kushiba sharti aifuate miiba ya kando, mmoja baada ya mwingine, kwa subira.

Niruhusu pia, Bwana Mhariri, niseme neno kuhusu jina. Siku hizi tukisema Pwani tunakusudia kaunti sita, na miongoni mwazo imo Taita Taveta ambako hakuna hata tone moja la maji ya chumvi. Wazee waliotulea walikuwa na maana ndogo zaidi na sahihi zaidi. Mtoto alipoambiwa ateremke pwani, aliambiwa aende pale maji yanapopwa, penye mchanga mbichi, mawe yenye mwani na vidimbwi vya kaa, mahali ambapo saa sita baadaye hapatakuwapo tena. Kwa maana hiyo pwani ina saa zake, na safari ya pwani isiyozijua saa hizo ni safari ya kubahatisha. Mgeni anayefika maji yakiwa yamejaa hadi kwenye kuta za hoteli huondoka akisema kwamba ufuo wetu ni mwembamba. Anayefika maji yakiwa yamepwa kabisa, asijue la kufanya, hulalamika kwamba bahari imekimbia na kumwachia majani. Wote wawili wamepaona mahali pamoja, na hakuna aliyewaambia warudi baadaye.

Jambo hili halina uchawi wowote. Siku za bamvua, yaani zile zinazoufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hadi Malindi hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mwisho wa kupwa huangukia kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha yakarudi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, mpaka yafike maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yamepungua. Msafiri anayetoka Nairobi kwa mapumziko ya siku mbili akitazama kalenda ya mwezi kabla ya kuomba ruhusa kazini, atapata Jumamosi ya bamvua ambayo asubuhi itampa mwamba ulio wazi, na alasiri ile ile itampa mikoko iliyosimama majini. Siku kama hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa niliishi nayo kwa miaka 31 nikiwa na kreti za mikate nyuma yangu.

Toka kisiwani mapema, kabla Kongowea haijaamka sawasawa. Kutoka Nyali hadi Mtwapa sina mengi ya kusifu. Ni mji mmoja mrefu wa magari, tuktuk na bodaboda, na starehe yake kubwa ni kuutoka. Mwenye watoto anaweza kusimama Bamburi katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji, ambayo tangu mwaka 1971 yalipandwa mivinje na kugeuzwa msitu wenye viboko na twiga, na hiyo ni kazi ya kustaajabisha kwa anayekumbuka, au aliyesimuliwa, jinsi ardhi ile ilivyokuwa jangwa jeupe. Mwenye haraka apite. Kifungua kinywa akipate Mtwapa, kwa mahamri na mbaazi za nazi, wala asiende katika mkahawa wenye orodha ya vyakula iliyopakwa plastiki.

Baada tu ya kulivuka Daraja la Mtwapa upo mwiba wa kwanza, nao ni njia ya kulia iendayo Jumba la Mtwana. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, yanayotunzwa na Makavazi ya Kitaifa, yakiwa na nyumba za mawe chini ya mibuyu na msikiti uliojengwa hatua chache tu kutoka majini. Kaburi lililo jirani na msikiti huo limechongwa aya isemayo kwamba kila nafsi itaonja mauti. Nimewahi kuwaona wageni wakipiga picha za magofu kwa robo saa na kuondoka bila kuteremka ufuoni, na kwangu hilo ni sawa na mtu aliyealikwa karamu akala achari akaondoka. Waliojenga pale waliuelekeza mji baharini. Ukifika saa nne ya bamvua utauona mwamba umeachwa wazi, na wanawake wakitafuta pweza kwa vijiti mashimoni, kazi ambayo wazee wao na wazee wa wazee wao waliifanya mbele ya msikiti ule ule.

Kutoka hapo ni Kikambala na Vipingo, na mashamba ya makonge yaliyopangwa mistari kama nywele zilizosukwa, yakiwa yamekatizwa na mibuyu ambayo hakuna aliyethubutu kuing'oa wakati makonge yalipopandwa. Mibuyu hiyo ndiyo mandhari halisi ya barabara hii, na ninashangaa kwamba makala yenu hayakuitaja. Mwaka 2022 mibuyu kadhaa mikubwa katika Kaunti ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kati ya Urusi na Uturuki, na kelele zikapigwa hadi Rais akaagiza jambo hilo lichunguzwe. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini nilihisi kana kwamba mtu ameniibia alama za kilomita. Miaka yote hiyo sikuwa nikihesabu vibao. Nilikuwa nikihesabu mibuyu.

Ni katika sehemu hii, kati ya Mtwapa na Kilifi, kwamba nina malalamiko, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika barua hii. Palikuwa na njia ya mchanga iliyotoka barabara kuu hadi ufuoni, pana kiasi cha kupitisha gari langu na pikipiki kwa wakati mmoja, na mwisho wake palikuwa na banda la makuti ambapo wavuvi walipima samaki. Nikimaliza kushusha mikate asubuhi niliteremka huko, nikala chakula changu nikiwa nimeuegemea mkwaju, nikanunua tasi au pono wa nyumbani, na nikaendelea na safari. Sikuhitaji ruhusa ya mtu. Siku moja nilikuta nguzo mbili zimesimikwa. Mwezi uliofuata palikuwa na lango, na mlinzi kijana aliyeniuliza kwa adabu kamili, "Mzee, unaenda kwa nani?" Sikuwa na jibu, kwa maana sikuwa nikienda kwa mtu, nilikuwa nikienda pwani. Mwenye ukuta huo simtaji, kwa kuwa si yeye peke yake na wala si kusudi langu kumwaibisha mtu gazetini. Wavuvi wa banda lile sasa huzunguka mwendo mrefu na vikapu vyao vichwani, na mnunuzi wa rejareja kama mimi hawaoni tena.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ambayo ni mali ya umma, na katika orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Nilipoonyeshwa maneno hayo kwa mara ya kwanza na mwanangu nilicheka, kwa sababu wanasheria waliandika sentensi nzima kueleza kile ambacho bibi yangu alikisema kwa neno moja. Pwani ni yetu sote. Hata hivyo haki ya kuwa na chumba haina faida ikiwa mlango wake uko ndani ya nyumba ya jirani. Ramani za upimaji katika maeneo mengi ya ufuo zilitenga njia za umma kati ya kiwanja na kiwanja, na kila mkaazi wa huku anaweza kukuonyesha moja ambayo leo ni bustani, maegesho au chumba cha jenereta. Ninafahamu hofu ya wenye nyumba kuhusu wezi, nami siidharau. Lakini njia ya umma yenye upana wa gari moja, iliyozungushiwa ukuta kila upande na kuachwa wazi mbele na nyuma, haimwingizi mwizi ndani ya nyumba ya mtu, nayo ingempa mvuvi pa kupita na msafiri pa kuionea bahari aliyoahidiwa na gazeti lenu.

Kabla ya Kilifi iko njia ya Takaungu, ambayo wengi huipita bila kujua. Ni mji wa zamani ambao baadhi ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walihamia baada ya kuondolewa Mombasa mwaka 1837, na bado una misikiti yake, vichochoro vyake vyembamba na hori jembamba lenye maji ya kijani ambalo watu huvuka kwa mashua ndogo. Sitaki kuueleza zaidi ya hapo, kwa kuwa uzuri wake ni utulivu wake, na magari 40 yakifika siku moja hautakuwapo. Anayekwenda aende na gari moja, avae nguo za heshima, na aanze kwa kuwaamkia wazee waliokaa barazani, ambao ndio watakaomwonyesha pa kuegesha.

Kilifi ndipo ninapotaka msomaji akae sana. Nilipoanza kazi hapakuwa na daraja. Tulivuka kwa feri, na foleni ya feri ilikuwa soko kamili. Korosho za kukaanga zilikuja dirishani zikiwa zimefungwa kwa karatasi za madaftari ya shule, kisha madafu, mahindi ya kuchoma, mihogo yenye ndimu na pilipili, na mtu aliyekusudia kutonunua kitu alikuwa akijidanganya. Saa nzima ingeweza kupita, na mikate ikapoa, na mkubwa wangu kazini akafoka. Lakini katika saa hiyo niliyaona maji ya hori yakibadilika rangi kutoka kijivu cha alfajiri hadi samawati, nikaona mashua zikitoka kwenye mlango wa hori hadi bahari kuu, na nikazijua habari za Mnarani, Kibaoni na Malindi kabla sijafika huko. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, nami nililishangilia kama mwingine yeyote. Mikate ilifika ikiwa ya moto. Ila tangu siku ile hori lile, ambalo kwa maoni yangu ni mandhari nzuri kuliko yote kati ya Vanga na Lamu, limekuwa jambo la nusu dakika. Gari hupanda darajani, abiria husema "aah", simu zikatolewa, na kabla picha haijakaa sawa wamekwisha kuwa upande wa pili mbele ya kituo cha mafuta.

Wengine husimama juu ya daraja, jambo la hatari ambalo nimeshuhudia likikaribia kuua. Pa kusimama papo, ila hapana kibao. Njia za zamani za feri bado zinateremka hadi majini pande zote mbili, na ukishuka upande wa kusini utafika chini ya magofu ya Mnarani, ambayo hupandwa kwa ngazi ndefu kutoka karibu na pale tulipokuwa tukisubiri feri. Juu yake kuna mabaki ya misikiti, kaburi lenye mnara, na mbuyu ambao sitajaribu kuukadiria umri. Kutoka hapo daraja lenyewe linaonekana, jembamba na jeupe juu ya maji, na ndipo mtu anapoelewa alichokivuka. Akilala Kilifi usiku usio na mwezi, amtafute mwenye mashua ampeleke katikati ya hori, kwa kuwa maji yale humetameta kila kasia linapoyagusa. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyotoa mwanga huo. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa ni taa za majini, na sijaona kuwa maelezo ya pili yamelipunguzia jambo hilo utamu wake.

Baada ya Tezo na Matsangoni, barabara huingia kati ya vitu viwili ambavyo dereva wengi huvipita kwa kasi ya kilomita mia kwa saa vioo vikiwa vimefungwa: kushoto Msitu wa Arabuko-Sokoke, na kulia, nyuma ya mashamba na mikorosho, Hori la Mida. Msitu huo una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake yumo njule, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na manyoya ya dhahabu matakoni, ambaye mtu mtulivu atamwona akirukaruka asubuhi, na bundi mdogo asiyezidi kimo cha kiganja ambaye watu huvuka dunia nzima kuja kumtafuta. Nyani nao hukaa kando ya lami kana kwamba wanasubiri matatu. Punguza mwendo, kwa ajili yao na kwa ajili yako.

Mida ufike alasiri, wakati maji ya bamvua yanarudi. Wanavijiji wamejenga njia ya mbao iliyoning'inizwa katikati ya mikoko, inayoyumba kidogo chini ya miguu, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege. Ada inayotozwa ni ndogo na husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vilivyo kandokando ya msitu. Kuanzia Septemba hadi Aprili hori hujaa ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na miongoni mwao wapo wale weupe kwa weusi walao kaa, ambao husimama kwa mamia wakiuelekea upepo, wakarudi nyuma hatua kwa hatua jinsi maji yanavyowafuata. Nilipita karibu na mahali hapa kwa zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba papo. Abiria mmoja niliyempa lifti, mwanafunzi aliyekuwa akirudi nyumbani, ndiye aliyenilazimisha nigeuze gari siku ya kazi, na ile ndiyo siku pekee ambayo mikate ya Malindi ilichelewa kwa makosa yangu mwenyewe.

Gede, mji wa kale uliobaki magofu, iko kilomita chache mbele, na tangu mwaka 2024 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo haihitaji kutangazwa na dereva wa mikate. Nitasema tu kwamba anayeingia asikose kuuona mradi wa vipepeo ulio kwenye lango lake, ulioanzishwa mwaka 1993, ambako wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi na kuuza pupa wake ng'ambo. Ni sababu mojawapo inayowafanya wauone msitu ukiwa na faida ukisimama kuliko ukikatwa. Watamu ina ufuo mweupe na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, na wengi watalala hapo. Malindi yenyewe, angalau, imeikumbuka bahari: barabara ya mbele ya mji inakwenda kando ya maji, na mnara wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapo mwaka 1498, umesimama kwenye rasi yenye upepo ambapo vijana hukaa jioni wakila viazi vya karai. Mwenye muda avuke Mto Sabaki hadi Mambrui. Mvua zikinyesha bara mto huo huyaleta matope ya nchi nzima, na bahari ya Malindi hugeuka kahawia. Basi wageni wasiulaumu mji kwa udongo uliotoka mashambani mwao.

Nimeulizwa na jamaa zangu wa bara ni miezi ipi inayofaa. Hoteli zitakuambia Desemba, wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu na vyumba vikiwa ghali. Mimi ningechagua mwisho wa Septemba na Oktoba, kusi likiwa limechoka, ndege wameanza kufika Mida, na barabara ikiwa na nafasi. Aprili na Mei ni masika, na njia za udongo za kando, ambazo ndizo safari yenyewe, hazipitiki kwa gari dogo. Juni na Julai kusi huleta mwani mwingi ufuoni. Wengine huuchukia, mimi harufu yake hunirudisha utotoni.

Sasa nije kwenye maombi yangu, ambayo ni matatu na si ya gharama kubwa. La kwanza ni kwa serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi: zichukue ramani za upimaji, zizitafute njia za umma za kwenda pwani, zizifungue zilizozibwa, na kila moja iwekwe kibao barabarani chenye jina lake na umbali hadi majini. Kibao kinafanya kazi mbili, kwani humwelekeza mgeni na humzuia anayekusudia kuiziba njia. La pili ni kwa wanaosimamia barabara kuu. Kwa kuwa barabara kati ya Mombasa na Kilifi inapanuliwa, na lami nyingi imekwisha kutengewa fedha, na wajenge maegesho salama pande zote mbili za Daraja la Kilifi, yenye kivuli na nafasi ya wauza korosho na madafu, ili kile tulichokipoteza feri ilipoondoka kirudi angalau kwa nusu. Bila mambo hayo mawili, njia pana itamfikisha mtu Malindi mapema tu, naye atakuwa ameona kuta kwa kasi zaidi.

Ombi la tatu ni kwako wewe, Bwana Mhariri. Kila siku mnachapisha matokeo ya kandanda ya ligi za ng'ambo, na sina ugomvi nayo. Naomba katika ukurasa wenu wa safari za mwisho wa juma mtenge nafasi ndogo ya kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la Mombasa kila mwaka, na tofauti ya saa kati ya Mombasa na Malindi ni ndogo mno kumsumbua mtu aliyekuja kutembea. Mkikosea nitawaandikia tena, kwa kuwa siku hizi, nisipokuwa na mikate ya kupeleka, huteremka kwenye njia ya zamani ya feri kila asubuhi na kuyatazama maji yalipofika.

Dereva mstaafu,
Mnarani, Kilifi